Meza Mbili za Kindi

Shangazi yangu Hesta Tallentire hakuolewa, na kijiji cha Skelbeck kikamsamehe. Hakwenda kanisani isipokuwa siku ya mavuno, na hilo nalo akasamehewa, maana keki aliyoileta siku hiyo ilikuwa na uzito wa toba ya mwaka mzima. Lakini mwaka aliowafungulia mkahawa kindi wa kijivu, kijiji kilimnunia kuanzia kasisi hadi mbwa wa mwenye duka, ambaye kwa kawaida hamnunii mtu yeyote mwenye mifuko.

Huwezi kumwelewa bila kujua alikotoka. Miaka thelathini na nne aliendesha kantini ya mnada wa mifugo, kila Jumanne na Ijumaa, pai na mchuzi mzito, chai ya kusimamisha kijiko. Kantini ile ilikuwa na meza mbili ndefu. Ya dirishani ilikuwa ya wafugaji waliokuja kuuza, ya mlangoni ilikuwa ya wanunuzi. Hapakuwa na kibao wala mstari. Ila mnunuzi akionekana ameketi na mfugaji kabla ya kengele ya mnada, watu wangesema kondoo wameshauzwa kwenye mchuzi, na baada ya hapo zingeanza kuruka ngumi. Kwa hiyo shangazi alilinda zile meza kwa upawa. Mara moja tu bwana mmoja kutoka kusini, mwenye koti safi, aliketi pasipo pake. Shangazi alimwondolea sahani uma ukiwa bado mdomoni.

"Mama, bado ninakula!"

"Unakula meza ya watu. Yako ile pale."

Yule bwana akahama. Shangazi akastaafu na imani moja isiyotikisika kuhusu ulimwengu: kila kiumbe chenye tumbo, ukikionyesha meza yake na ukakikazia macho, kitaiheshimu.

Nyumba yake ni ya mwisho kabla ya msitu. Huku kaskazini mwa Uingereza mvua ndiyo hali ya hewa na jua ni uvumi, lakini asubuhi yoyote, mvua isiyo mvua, alikuwa na wageni. Nje ya dirisha la jikoni, juu ya sinki, kulikuwa na kisanduku cha mbao chenye kifuniko, na ndani yake njugu. Kindi wekundu walitoka msituni, wakapita juu ya ukuta wa mawe, wakainua kifuniko kwa kichwa kama wapangaji wanaokagua barua. Kulikuwa na Septimus, mwenye vishungi vya masikio vilivyosimama kama mtu aliyeamka bila kuona chanuo. Kulikuwa na Agnes, aliyekula ametupa mgongo, kama anayetuadhibu. Wengine walikuja na kuondoka. Miaka arobaini! Alizungumza nao kuliko alivyozungumza na sisi ndugu zake, na kwa adabu zaidi.

"Siku hawa wasipokuja," aliniambia mara moja, mikono ikiwa ndani ya povu, "nitakuwa tu mwanamke mzee anayeosha kikombe kimoja."

Alisema hivyo mara moja tu, kisha akanituma makaa.

Sasa, hawa wa kijivu. Si wa kwetu. Waliletwa kutoka Marekani enzi za mababu, na mabwana wenye bustani kubwa kuliko busara, walioona kindi wa hapa hawatoshi kupamba majani yao. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Huyu alipewa njugu, akaita ukoo. Ni mkubwa karibu mara mbili ya mwekundu. Anakula mbegu za mwaloni zingali mbichi, kwa hiyo mwekundu, ambaye tumbo lake linataka zilizoiva, akifika anakuta maganda na samahani. Wala hapigani. Anakula tu, kwa utulivu, kama mgeni wa harusi asiye na kadi. Wamekuja bonde baada ya bonde. Bonde la jirani, mtoto akiambiwa achore kindi anachukua penseli ya kijivu bila hata kufikiri.

Skelbeck tulikuwa na kikundi cha kuwazuia. Mwenyekiti wake ni Wilf Fearon, aliyestaafu kulipua mawe machimboni na ambaye mpaka leo huongea kama anashindana na baruti. Kikundi kina mitego ya waya, na sheria yenyewe ni fupi: mwekundu akiingia, unamfungulia na kumwomba radhi, wa kijivu akiingia, huruhusiwi kumwachia tena. Anayetega ajue mwisho wake.

Mwanzoni mwa masika Wilf alikuja mlangoni kwa shangazi, mtego mkononi kama bwana harusi aliyekosea zawadi.

"Hesta, bustani yako ndiyo mlango wa msitu. Mtego mmoja tu, pale chini ukutani."

"Wilf, nimelisha watu miaka thelathini na nne. Sijaua mteja hata mmoja."

"Wewe unasema. Marehemu Tom Dargue alikula pai yako Ijumaa, Jumatatu tukamzika."

"Tom alikanyagwa na fahali!"

"Ndiyo. Alishiba sana, akashindwa kukimbia."

Mlango ulifungwa kwa nguvu iliyoangusha kigae. Wilf akaniangalia, kwa kuwa nilikuwa nimesimama pale na toroli la makaa. "Shangazi yako," alisema, kwa kile anachokiita kunong'ona, "ana moyo mzuri. Utatumaliza moyo huo."

Kutoka ndani sauti ikajibu, "Nimesikia!"

"Nilikusudia usikie!"

Wiki hiyo hiyo shangazi aliniita na kunionyesha mpango wake. Chini kabisa ya bustani, kwenye ukuta, angeweka meza ya pili. Kisanduku kingine, kikubwa zaidi, karanga za kumwaga. Wa kijivu wale huko chini, wekundu wale huku juu.

"Wakishiba chini, juu watafuata nini?"

"Shangazi, kindi hawajui mambo ya meza."

"Wanunuzi wa kondoo nao hawakujua. Walifundishwa."

"Mimi nimesomea misitu, na..."

"Ulisomea nusu. Nusu ipi, ya mizizi au ya majani? Lete nyundo."

Nikaleta nyundo. Ni vigumu kutetea elimu ambayo wewe mwenyewe uliitoroka.

Nitasema kweli ingawa inaniuma: mpango ulifanya kazi. Kwa siku kumi na moja. Wa kijivu wawili walikula chini, Septimus na Agnes wakala juu, na shangazi akasimama dirishani mikono kifuani kama jenerali aliyeshinda vita kwa karanga. Aliwapigia simu watu watatu kuwaambia. Alinituma kwa Wilf na ujumbe, ambao niliupunguza makali, nao bado ulimfanya ateme chai.

Siku ya kumi na mbili walikuwa tisa.

Habari za chakula cha bure husafiri, na kindi hawana haja ya mtandao. Mmoja wao, mnene kama kasisi, alipanda mteremko wote wa bustani kwa hatua za mtu anayeenda kulalamika, akaruka dirishani, akainua kifuniko cha Septimus. Shangazi alitoka na upawa, amevaa ndala za nyumbani. Yule akashuka. Kesho yake akapanda tena, safari hii na shemeji yake. Basi ikawa ndiyo kazi: asubuhi upawa, mchana upawa. Na kila Jumamosi, kwa kuwa usafi kwake ulikuwa dini, alishusha visanduku vyote viwili, akavisugua kwenye ndoo ya maji moto, akavifuta, akavirudisha. Mimi nilishika kitambaa.

Mwezi wa sita Wilf aliitisha mkutano katika ukumbi wa kijiji. Kulikuwa na chai na biskuti, kwa sababu huku kwetu hata mwisho wa dunia utatangazwa baada ya biskuti. Wilf alisimama, na kwa mara ya kwanza hakupayuka.

"Tumeokota mwekundu mmoja amekufa, karibu na daraja. Ni ndui."

Ndui ya kindi kila mtu huku anaijua. Wa kijivu wanaibeba, haiwafanyi kitu. Mwekundu akiipata anajaa vidonda machoni, mdomoni na vidoleni, na ndani ya wiki mbili hayupo. Na inaenea pale wanapokula kwenye chombo kimoja.

"Kwa hiyo kila kisanduku cha chakula kishuke, leo hii," alisema Wilf. "Kila nyumba. Kwa wiki kumi hivi. Wanaokubali?"

Mikono yote ikapanda. Mkono mmoja ukabaki kwenye biskuti.

"Hesta?"

"Watakula wapi?"

"Msituni, Hesta! Ndiyo maana pale panaitwa msitu, si bustani ya chai!"

"Miaka arobaini wanakula kwangu. Unataka niwafungie mlango mwaka huu ambao wageni wamemaliza mbegu zote? Septimus atakufa njaa."

"Hakuna kindi anayeitwa Septimus!"

"Wewe unaitwa Wilfred, na bado tunakuvumilia."

Watu walicheka, na kicheko kile ndicho kilichomharibia shangazi, maana mtu akishawachekesha watu anadhani ameshinda hoja. Alibeba sahani yake ya keki, akaenda nyumbani. Njiani nilimbembeleza. Nilimwambia wekundu waliishi maelfu ya miaka bila dirisha lake.

"Hao sikuwajua," alisema.

Siku nane baadaye aliniita kwa simu kabla sijanywa chai. Hakusema jina langu, alisema tu, "Njoo."

Agnes alikuwa dirishani. Kwa mara ya kwanza hakuwa ametupa mgongo. Alikaa akitutazama, au alielekeza uso kwetu, maana macho yalikuwa yamevimba na kufumba, na mdomo umezungukwa na kidonda kilicholowa. Alishika njugu, ikamwanguka. Akaitafuta kwa vidole, akaishika, ikamwanguka. Umbali wa kiganja kutoka kwenye kioo, wala hakukimbia.

"Ni jeraha," alisema shangazi. "Amepigwa na wale wanene. Nimemlowekea mkate."

"Shangazi."

"Nimesema ni jeraha."

Nilimpigia Wilf nikiwa nimesimama kwenye banda la makaa, maana shangazi alikuwa amenikataza. Alifika bila kofia. Alivua buti mlangoni, maana hata msiba huku hauingii na matope, akaja jikoni na soksi iliyotoboka kidole gumba. Alimtazama Agnes muda mrefu. Kisha akatazama kupitia dirisha, chini ya bustani, kwenye kisanduku cha pili, ambako wa kijivu watano walikuwa wakipata kifungua kinywa bila wasiwasi wowote duniani.

"Kile cha chini kimekuwa wazi muda wote huu?"

"Tangu Pasaka."

Nilisubiri alipuke. Miaka yote nimemjua Wilf, sijawahi kumwona akipewa nafasi nzuri kama ile. Alichukua taulo la vyombo, akatoka nje, akamfunika Agnes taratibu na kumbeba.

Tulienda kwa daktari wa wanyama, watu watatu kwenye gari la Wilf lenye harufu ya mahindi ya mitego. Shangazi alikaa mbele, kindi mapajani, kasha la viatu na taulo juu. Daktari alikuwa msichana mdogo, na alisema sentensi mbili tu, zote za kweli. Shangazi aliomba amshike mwenyewe. Akapewa glavu. Sindano ile haikuchukua muda.

Tukiwa tumerudi, Wilf akiwa tena jikoni na soksi yake, shangazi alikunja lile taulo mara nne, akalikunjua, akalikunja tena.

"Ndoo moja," alisema.

"Nini, shangazi?"

"Meza zilikuwa mbili. Vyombo nilikuwa naviosha ndoo moja. Nilianza na vya chini, kwa kuwa vilikuwa vichafu zaidi, halafu vya juu, maji yale yale. Kama kantini." Alikuwa anazungumza na taulo. "Maji ya moto yalikuwa hayatoshi kantini."

Mimi nilikumbuka kitambaa. Kilikuwa kimoja vilevile, na nilikuwa nimekishika mimi, mtaalamu wa nusu msitu.

Wilf alikohoa. "Huwezi kujua, Hesta. Wenyewe walikuwa wanapanda mpaka dirishani. Labda ni kifuniko, labda ni..."

"Usinipake mafuta. Hujawahi kuwa mpole, usianze leo."

"Basi ni ndoo," alisema Wilf.

"Asante."

Vile visanduku alivichoma yeye mwenyewe uani, mvua ikinyunya, na akatumia nusu chupa ya mafuta ya taa. Kisha akamwambia Wilf alete mtego. Wilf akasema atauweka chini ukutani na kuja mwenyewe kummaliza kila atakayenaswa, yeye shangazi asihangaike hata kuangalia.

"Nitaangalia."

"Si lazima."

"Ni mimi niliyewakaribisha, Wilf. Mwenye nyumba haendi kujificha chumbani wageni wanapotolewa."

Waliingia mtegoni kwa adabu zote alizowafundisha. Hapo ndipo unapotaka kucheka ukashindwa. Watega mitego wengine husubiri wiki. Kwetu wa kwanza alinaswa kabla Wilf hajafika nyumbani kwake. Walijua meza yao ilipo, wakaja kwa wakati, mmoja mmoja, karibu wapange foleni. Hadi mwisho wa Agosti walikuwa kumi na sita. Kila mara shangazi alipiga simu, akasimama ukutani na koti lake la mvua, akabaki mpaka mwisho. Hakuwatukana. Mara moja nilipotupa kashfa fulani kuhusu Wamarekani, alinigeukia.

"Huyu hakuomba kuletwa. Nyamaza."

Kijiji kilimsamehe haraka, kwa kuwa hakuna mtu ambaye kijiji kinampenda kama aliyekosea hadharani. Keki zililetwa. Mwenye duka alimpunguzia viazi. Hata mbwa alilegeza. Shangazi alipokea yote hayo kwa uso wa mtu anayepokea sindano. Na lile dirisha la juu ya sinki, ambalo maisha yangu yote halikuwahi kuwa na kitu, alilitundikia pazia. La maua. Nililiona, nikafungua mdomo, na kwa bahati mbaya hakuna mzaha uliotoka.

Kwa sababu Septimus hakuonekana. Juni iliyosalia hakuonekana, Julai hakuonekana. Njugu hazikuwepo, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuja; au alikuwa amelala mahali fulani chini ya majani, macho yamefumba. Kutoka dirishani haya mawili yanafanana kabisa. Hakuna aliyemuuliza shangazi, naye hakumuuliza mtu, lakini alipokuja kwenye mkutano wa Septemba alikaa mstari wa mbele, na Wilf aliposema wanahitaji watu wa kuhesabu msituni mwezi wa kumi, mkono wake ulipanda kabla biskuti hazijafika.

Kuhesabu kwenyewe ni kazi ya ajabu. Unaingia msituni kunapopambazuka, unakaa kwenye kisiki saa nzima bila kusema neno, unaandika unachokiona. Kwa Wilf na shangazi yangu, ile saa ya kunyamaza ilikuwa muujiza ambao kasisi angepaswa kuitwa kuushuhudia. Tulipewa mteremko wa juu, sisi watatu. Ukungu ulikuwa umelala kati ya misonobari. Robo saa, hakuna kitu. Nusu saa, ndege mmoja. Nilimtazama shangazi kwa pembe ya jicho: mikono mapajani, koti limefungwa hadi kidevuni, macho juu. Sikuwahi kumwona akisubiri kitu. Kwa kawaida vitu vilimsubiri yeye.

Kisha vipande vya koni ya msonobari vikaanza kudondoka. Kimoja, viwili, kwenye bega lake, kwenye kofia ya Wilf. Tukainua vichwa polepole.

Alikuwa amekaa kwenye tawi juu yetu kabisa, mwekundu kama kutu, anaizungusha koni mikononi na kutupa takataka bila kujali nani yuko chini. Vidole vizima. Macho meusi, makavu, yamefunguka. Vishungi vya masikio vimeanza kuota upya kwa ajili ya majira ya baridi, vimesimama ovyo.

"Ni yeye?" alinong'ona Wilf, na ndege wawili wakaruka.

Kindi aliacha kutafuna. Alitutazama, akainamisha kichwa upande mmoja, akaanza kushuka kichwa chini, kwa kucha, hatua, kusimama, hatua. Alimpita Wilf kwa macho. Alinipita mimi. Alikuwa anakuja kwa shangazi, moja kwa moja, kama anayekumbuka.

Sasa alikuwa usawa wa uso wake. Shangazi angenyoosha mkono angemgusa.

Akapiga makofi. Makofi mawili makubwa, msitu mzima ukasikia.

"Panda juu!" alisema. "Panda, mjinga wewe! Usimkaribie mtu!"

Kindi aliruka kama amechomwa, akazunguka nyuma ya shina, akapanda, akapita kwenye mti wa pili, wa tatu, mkia ukawa cheche, kisha hakuna kitu ila matawi yaliyotikisika. Shangazi alibaki amesimama, mikono bado imeshikana.

Wilf alitoa kidaftari chake chenye unyevu, akatafuta ukurasa, akatafuta penseli nyuma ya sikio.

"Basi, naandika... mmoja?"

"Mmoja," alisema shangazi, akapangusa pua kwa glavu. "Na utumie kalamu, Wilf. Hiyo penseli yako inafutika."